Filamu za Kale za Wanyonya-Damu na Alama Tunazozitoa

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kukuta katika kurasa zake uhakiki wa riwaya, tamthilia na tungo za washairi wetu. Safari hii tunaomba radhi kuwapeleka mahali pengine: kwenye filamu za kale za kutisha, tena zile zilizotengenezwa kwa fedha haba, ambamo maiti huinuka kutoka jenezani usiku akanyonya damu ya walio hai. Tunafahamu kwamba wapo wenzetu watakaosema huo ni upuuzi usiostahili wino wa chama cha walimu. Hata sisi tulikuwa na maoni hayo kwa miaka mingi. Tunayaandika haya kwa sababu maoni hayo yalitufanya tutende kosa, tukiwa na kalamu nyekundu mkononi, na kosa lenyewe halijafutika.

Jambo lilianza hivi. Katika shule tunayofundisha hapa Uganda, wanafunzi wa chama cha Kiswahili walitaka burudani ya Jumamosi jioni. Mmoja wetu alikuwa amenunua sokoni mafungu ya diski za bei ndogo, filamu nane au kumi katika diski moja, na nyingi zikawa ni hizo za wanyonya-damu. Tukakubali kuzionyesha kwa sharti moja: kila mtazamaji apewe kipande cha karatasi, na filamu ikiisha aandike alama juu ya kumi, pamoja na sentensi tatu za Kiswahili sanifu za kuitetea alama yake. Lengo letu lilikuwa lugha tu. Hatukudhani kwamba karatasi zile zingetufunza lolote kuhusu sinema, sembuse kuhusu usahihishaji.

Kabla ya kwenda mbele, hapana budi tuseme neno kuhusu jina. Tulipowaambia wanafunzi kwamba watatazama filamu ya mnyonya-damu, waliuliza kwa sauti moja: ana gari? Swali hilo lilituchekesha, lakini ni swali la maana. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu wamesimulia kwa vizazi habari za mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hilo kuwa ni dawa nyeusi mfano wa ulimbo, na inaongeza kuwa wengi waliamini imetokana na damu ya binadamu. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni visa hivyo vilihamia kwa wazimamoto, ambao watu wa hapa huwaita bazimamoto. Mtaalamu wa historia Luise White alivikusanya visa hivyo, akatoa kitabu mwaka 2000, akionyesha kwamba haifai kuvidharau kama porojo, kwani ndani yake watu walikuwa wakieleza jinsi utawala wa kigeni ulivyowakamua. Mnyonya-damu wetu, basi, si bwana mkubwa aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Ni mtu hai mwenye sare, gari na mshahara. Na katika Kiswahili cha majirani zetu wa Tanzania, hasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la mwenziwe. Karl Marx naye, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alikwisha kuufananisha mtaji na mnyonya-damu. Mtazamaji anayekuja na urithi huo wa maneno hana budi kuiuliza kila filamu ya aina hii: damu ni ya nani, na nani anashiba?

Filamu ya kwanza tuliyoionyesha ilikuwa Nosferatu ya Ujerumani, iliyoongozwa na F. W. Murnau na kutolewa mwaka 1922. Kampuni ya Prana iliyoitengeneza haikuwa na nguvu. Iliichukua hadithi ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, bila ya idhini, ikabadilisha majina ya wahusika, na bwana wa ngome akaitwa Orlok. Mjane wa Stoker alishtaki. Kampuni ikafilisika baada ya filamu hiyo moja, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha vuka mipaka.

Wanafunzi walimwogopa Orlok kwa dakika kumi hivi. Kisha likaja onyesho ambamo anapita mjini amelibeba jeneza lake mwenyewe kwapani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko: ilikuwa ni mchana! Jua linawaka, vivuli viko chini ya kuta, naye ni kiumbe ambaye filamu hiyo hiyo inasema jua litamwua. Alama zikaporomoka. “Mwongozaji amesahau hadithi yake,” aliandika mmoja, na sentensi hiyo tuliisifu kwa ufasaha wake.

Ukweli tuliujua baadaye. Siku hizo ilikuwa vigumu mno kupiga picha nje usiku, kwa hiyo Murnau alipiga mchana, na nakala za kuonyeshwa zikatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana. Mtazamaji wa 1922 aliona buluu akajua ni usiku. Lakini nakala zilizozagaa kwa miongo kadhaa zilichapwa bila ya rangi hizo, nyeusi na nyeupe tupu, na diski yetu ya sokoni ilitokana na mojawapo. Wataalamu wamekwisha kuzirudisha rangi katika nakala zilizotengenezwa upya, na jeneza linabebwa tena gizani. Kwa maneno mengine, wanafunzi wetu, na watazamaji wengi sana kabla yao, walimnyima Murnau alama kwa kosa la mtu aliyenakili. Kila mwalimu anajua jambo hili. Mwanafunzi anaandika insha vizuri, karatasi inaloa mvua, na sisi tunaandika pembeni: hati mbaya.

Tuongeze hapa kwamba ile sheria ya jua kumwua mnyonya-damu, ambayo wanafunzi waliitumia kama fimbo ya kumpigia Murnau, imeanzia katika filamu yake mwenyewe. Dracula wa riwaya hutembea mchana bila ya kudhurika. Walimhukumu mtu kwa sheria aliyoitunga yeye.

Hali iliyompata Carl Theodor Dreyer wa Denmark ilikuwa kali zaidi, kwani watazamaji wake walikuwa na nakala nzima mbele yao. Filamu yake, Vampyr, iligharimiwa na kijana tajiri, Nicolas de Gunzburg, ambaye kwa malipo ya ufadhili wake alipewa nafasi ya mhusika mkuu na kuigiza kwa jina la kubuni. Waigizaji wengine karibu wote hawakuwa na ujuzi. Dreyer alitandaza kitambaa chepesi mbele ya kamera ili picha ziwe na ukungu, kama mtu aonavyo anapoamka kabla usingizi haujamtoka. Ilipoonyeshwa Berlin mwezi wa Mei 1932 watu walizomea. Dreyer hakutengeneza filamu nyingine ndefu hadi mwaka 1943. Leo wahakiki wanaiweka Vampyr miongoni mwa kazi bora za fani hii, na ukungu ule uliozomewa ndio unaosifiwa kuliko vyote. Sisi wenyewe tuliiona inachosha kidogo katikati, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini onyesho ambamo mhusika amelala ndani ya jeneza lenye kidirisha, akitazama juu mawingu na paa za nyumba zinavyopita wakati anapelekwa kuzikwa, lilimfanya hata mwanafunzi wetu mtundu kuliko wote aache kutafuna karanga.

Sasa tuje Marekani, na hasa kwa Bela Lugosi, kwani maisha yake ni maelezo tosha ya filamu hizi. Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, aliigiza Dracula katika filamu ya Universal ya mwaka 1931. Sura ile ya joho jeusi, nywele zilizolazwa kwa mafuta na maneno yanayotamkwa polepole imeigwa dunia nzima tangu hapo. Kwa kazi hiyo alilipwa dola 500 kwa wiki, kwa muda wa wiki saba basi. Filamu iliwaletea wenye studio faida kubwa. Yeye akashuka, mwaka hadi mwaka, hadi kwenye zile kampuni za Hollywood ambazo watu waliziita kwa kejeli Mtaa wa Umaskini, zilizotengeneza filamu kwa siku chache na kuazima hata kuta.

Mojawapo ya kampuni hizo, PRC, ilitoa mwaka 1940 filamu iitwayo The Devil Bat. Lugosi ni daktari Carruthers, mtaalamu wa kemia katika mji mdogo. Anafuga popo, anawakuza kwa umeme hadi wanakuwa wakubwa kama tai, kisha anawafunza kumrukia kooni mtu yeyote aliyejipaka mafuta fulani ya baada ya kunyoa. Popo mwenyewe ni wa mpira na anateleza juu ya uzi. Alama za wanafunzi wetu zilikuwa mbili na tatu. “Popo hana uhai,” waliandika, na ni kweli kwamba hana.

Lakini ni kwa nini daktari anaua? Karatasi hata moja haikulitaja jambo hilo, ingawa filamu inalieleza waziwazi. Carruthers ndiye aliyevumbua dawa iliyowatajirisha wenye kiwanda. Alipokea fedha taslimu mara moja badala ya kushiriki katika faida, nao wakawa mamilionea. Sasa wanamletea hundi ya bahashishi, wakitarajia ashukuru. Tukiitazama kwa jicho hilo, mambo yanageuka. Katika mji ule walikuwapo wanyonyaji kabla popo hajaruka, na walikuwa wakivaa suti na kufanya karamu. Zaidi ya hayo, mwigizaji anayetamka maneno ya uchungu kuhusu kuwatajirisha wengine ni yuleyule aliyelipwa kwa wiki saba kwa sura inayouzwa hata leo. Hatudai kwamba PRC ilikusudia maana hiyo. Tunasema kwamba maudhui yapo, na kwamba uzi wa popo uliwazuia watazamaji wasiyaone. Wala hatusemi kwamba filamu ni nzuri: mwandishi wa habari na mpiga picha wake wanaotafuta muuaji ni wahusika wa kuudhi, na wanachukua muda mwingi kuliko wanavyostahili. Sisi tungeipa tano.

Kuna alama za aina nyingine ambazo zinatutia wasiwasi zaidi kuliko hizi za chini, nazo ni zile za juu zinazotolewa kwa dhihaka. Lugosi alifariki mwezi wa Agosti 1956, akazikwa na joho lake la Dracula. Rafiki yake, Ed Wood, alikuwa na vipande vichache vya picha alizompiga kabla hajafa, visivyo na sauti. Akavitia katika filamu iliyokuja kuitwa Plan 9 from Outer Space. Si hadithi ya mnyonya-damu kwa maana kamili, kwani wafu wanafufuliwa na wageni kutoka sayari nyingine, lakini joho lipo, makaburi yapo, na yupo Vampira, mwanamke wa kiuno chembamba na kucha ndefu ambaye hatamki neno hata moja. Mahali ambapo Lugosi alihitajika na hayupo, Wood alimweka tabibu wa mkewe, mtu mrefu kuliko marehemu, akamwambia ajifunike uso kwa joho. Mawe ya makaburi yanatikisika mtu akipita. Katika onyesho moja ni usiku na mchana kwa pamoja, na hapa hakuna nakala ya kulaumiwa.

Mwaka 1980 ndugu wawili, Michael na Harry Medved, walitoa kitabu cha kutunukia filamu mbovu, na kwa kura za wasomaji wao Plan 9 ikatangazwa kuwa filamu mbaya kuliko zote zilizopata kutengenezwa, na Wood mwongozaji mbaya kuliko wote. Tangu hapo imekuwa maarufu. Watu hukusanyika kuitazama, hucheka kila jiwe linapotikisika, na huipa alama za juu kwa hoja kwamba ni mbaya mpaka imekuwa nzuri. Wood mwenyewe alikuwa amekufa Desemba 1978, siku chache baada ya kufukuzwa katika chumba alichopanga. Hakusikia tusi wala sifa.

Wanafunzi wetu waliipenda sana. Walitoa nane na tisa. Tulipozisoma sentensi tatu za kila mmoja, tuliona kwamba zote zilikuwa ni orodha ya makosa. Je, mwanafunzi akituandikia insha mbovu kiasi cha kutuchekesha, tumpe tisini? Alama ya namna hiyo haimpi mtunzi kitu. Inampa mtazamaji nafasi ya kujiona bora kuliko yeye. Hata hivyo tukiwa wakweli hatuna budi kukiri kwamba katika Plan 9 kuna jambo moja ambalo halichekeshi. Lugosi mzee anatoka mlangoni mwa nyumba ndogo, anachuma ua, analinusa, anaondoka. Ni sekunde chache. Wood alikuwa na hizo tu za rafiki yake, na badala ya kuzitupa alijenga filamu nzima pembeni yake. Tunafikiri mtu anayecheka pale hajatazama.

Sisi wa Uganda suala hili la kicheko linatuhusu kwa karibu. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha chache mno, na watu wa mbali wameicheka kwa upendo, na wengine bila ya upendo. Katika vibanda vyetu vya video kicheko ni kingine: yupo VJ anayesema juu ya picha, anatania, anashangilia, na watazamaji wanajibu. Wanacheka pamoja na mtengenezaji, kwani umaskini wake ni wao pia. Tofauti hiyo haionekani katika alama. Tisa ya dhihaka na tisa ya udugu zimeandikwa kwa tarakimu moja.

Filamu mbili za mwisho tunazotaka kuzizungumzia zinaigusa Afrika moja kwa moja. Blacula ilitolewa mwaka 1972 na kampuni ya American International, ikiongozwa na William Crain, Mmarekani mweusi kijana. Mhusika mkuu aliigizwa na William Marshall, mwigizaji wa tamthilia za Shakespeare, mwenye sauti nzito kama ngoma kuu. Marshall hakuridhika na mhusika alivyoandikwa kwanza, akashikilia abadilishwe kuwa mwana wa mfalme wa Kiafrika. Ndipo tukapata mwanzo wa filamu: mwaka 1780 Mamuwalde na mkewe Luva wanakwenda Transylvania kumwomba mwungwana Dracula awasaidie kuikomesha biashara ya watumwa. Dracula anacheka. Anamtukana, anamng’ata, anamfungia jenezani, na, jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita, anamnyang’anya jina lake na kumpa jingine lililotokana na lake mwenyewe. Baada ya karibu miaka mia mbili jeneza linafunguliwa Los Angeles.

Ni kweli kwamba akishikwa na kiu nywele zinamwota mashavuni, na kwamba popo anayetokana naye angeweza kuchorwa vizuri zaidi na mtoto. Wanafunzi walitoa nne na tano kwa sababu ya nywele hizo. Lakini watazame tena mwisho wake. Mpenzi wake ameuawa, naye hakimbii wala hapigwi kigingi na shujaa yeyote: anapanda ngazi kwa miguu yake hadi kwenye jua. Katika filamu nyingi za aina hii mnyonya-damu hufa kama mdudu. Mamuwalde anakufa kama mtu aliyeamua. Akademia ya filamu za kisayansi na za kutisha ilipoanza kutoa tuzo zake, filamu bora ya kutisha ya mwaka 1972 ilikuwa hiyo.

Faida ya Blacula iliwafanya watayarishaji wengine watamani faida kama hiyo, wakampa Bill Gunn, mwandishi na mwigizaji, dola 350,000 hivi atengeneze mnyonya-damu mweusi mwingine. Gunn alizichukua fedha akatengeneza alichotaka yeye. Katika Ganja & Hess ya mwaka 1973, Duane Jones ni Dakta Hess Green, msomi tajiri mwenye mtumishi na gari la kifahari, anayechunguza kabila la kale la Kiafrika, la kubuni, liitwalo Myrthia. Msaidizi wake anamchoma kwa jambia la kabila hilo. Hess hafi, ila anapata kiu ya damu isiyokwisha. Na damu anaipata wapi? Anaiiba katika zahanati. Anakwenda katika mitaa ya watu fukara. Neno lenyewe la mnyonya-damu halitamkwi katika filamu nzima, wala hakuna popo, wala joho. Iliteuliwa kuonyeshwa Cannes katika Wiki ya Wahakiki mwaka huo, lakini New York ilipokewa vibaya, na mwezi wa Mei Gunn aliandika barua kwa gazeti la New York Times kulalamikia namna wahakiki walivyoitendea. Wenye mali waliiondoa. Ikauzwa, ikakatwa kiasi cha nusu saa, ikapangwa upya, ikapewa jina la Blood Couple, na baadaye majina mengine mengi ya kuvutia wanunuzi. Gunn aliondoa jina lake.

Hapa ndipo kosa letu lilipo. Diski yetu ya sokoni ilikuwa na filamu hiyo iliyokatwa, chini ya mojawapo ya majina yale, nasi hatukujua. Tuliitazama na wanafunzi. Ilikuwa inarukaruka: mtu anaanza kusema jambo, halafu tuko mahali pengine. Tulitoa tatu, na tulitangaza alama yetu kwa sauti, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya kabla wanafunzi hawajaandika. Wiki iliyofuata tulitaka insha ndefu juu ya filamu ambayo kila mmoja aliiona mbovu kuliko zote. Msichana mmoja wa kidato cha tano, mkimya, aliinua mkono.

“Mwalimu, naomba kuitetea moja badala ya kuilaumu.”

“Ipi?”

“Ile uliyoipa tatu. Mimi nadhani ina kurasa zilizochanwa.”

Darasa lilicheka, na sisi pia. Aliandika kurasa nne. Alisema kwamba Hess ni tajiri anayekunywa damu ya maskini na kwamba rangi yake ya ngozi haimpunguzii hatia. Kwamba jambia limewekwa nyumbani mwake kama pambo, na pambo limemlipizia kisasi. Kwamba panaporuka hadithi pana dalili ya kitu kilichokuwapo, kama vile msomaji anavyojua kuwa barua ina ukurasa wa pili kwa sababu sentensi ya mwisho haina nukta. Kiswahili chake kilikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi. Tulimpa alama nane kwa ishirini, na chini yake tukaandika kwa wino mwekundu: Usimtetee mtunzi kwa yale ambayo hakuyaandika.

Miaka miwili baadaye tuliipata filamu kamili. Nakala moja nzima ilikuwa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, na kutokana na uhifadhi huo na kazi ya watu waliofuata, filamu alivyoikusudia Gunn imerudi. Tuliitazama usiku mmoja peke yetu. Kurasa zilizochanwa zilikuwapo zote. Malkia wa Myrthia anapita katika nyasi ndefu, polepole, hali Hess anaota. Msaidizi, ambaye ni Gunn mwenyewe, anazungumza kwa muda mrefu mno kwa kipimo cha filamu ya biashara, na katika urefu huo tunaona kwamba amekwisha kufa moyoni kabla ya kujiua. Kanisani, mwishoni, Hess anakwenda madhabahuni huku watu wanaimba, kisha anarudi nyumbani kufa katika kivuli cha msalaba, na Ganja anachagua kuishi na kiu ile. Hatukubaliani na kila kitu. Dakika ishirini za kwanza zinataka subira ambayo si kila mtazamaji anayo. Lakini ni kazi ya mtu aliyejua kila picha kwa nini ameiweka, na watu walioikata walikuwa wametenda kama sisi: walitoa alama kwanza, kisha wakaifanya filamu ifanane na alama yao.

Gunn alifariki mwaka 1989. Mwaka 2014 Spike Lee aliitengeneza upya hadithi hiyo kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus, naye alikuwa na filamu kamili ya kufuata.

Yule msichana amekwisha kumaliza masomo, na tumesikia kwamba sasa naye anafundisha. Mwezi uliopita tulimtumia diski ya filamu nzima pamoja na barua ya kurasa mbili, tukimweleza habari za mikasi na majina ya bandia. Amejibu kwa mistari michache. Anashukuru, hajaitazama bado kwa sababu umeme umekatika huko wiki nzima, na anauliza, kwa heshima zote, kama alama zake zitasahihishwa, kwani daftari lile bado analo.